Mdomo wa Koko katika Picha ya Mkebe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kwa pua kabla ya macho. Ilinuka dawa ya kuoshea picha na maharagwe yanayochemka, na Koko alikuwa ananigombeza kwa sababu nilikuwa nimemimina sumu yangu, ndivyo alivyoiita, katika sahani yake ya Pasaka. Koko ndiye bibi yangu, mama mzaa baba.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Nilikukuta mlangoni na simu, unafuta picha za babu yako, moja baada ya nyingine. Nilipokuuliza ukasema, "Mama, babu anaongea-ongea, zote zimeharibika." Ningeanza kukujibu kwa mdomo ningejirekebisha kila neno mpaka unikimbie, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Hata hapa nimeshachana kurasa kadhaa ambazo hazikuanza vizuri. Unaona basi kwamba anayekuonya ana ugonjwa huo huo. Na mimi bado sijawa mzee wa kutoa nasaha; mvi zangu nazing'oa mbele ya kioo zikingali chache. Lakini waliopaswa kukuambia wametangulia, na foleni imenifikia.

Nilikuwa na umri wako. Tulikaa Bulengera, hapa Butembo, na vita vilikuwa vimekata njia ya Beni. Wiki moja malori yanapita, wiki nyingine hayapiti. Baba yangu, yaani babu yako, alikuwa anapakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi, ng'ambo ya Beni, na njia ilipofungwa alibaki huko. Usiku mmoja risasi zililia mtaani kwetu, na mama mmoja mzee wa nyumba ya chini akafa. Habari ilipofika Mavivi ilikuwa imebadilika njiani. Baba aliambiwa kwamba aliyezikwa ni mama yake.

Dereva mmoja wa lori la chakula, Papa Kasereka, ambaye wenye vizuizi walimruhusu kupita ila bila abiria, ndiye aliyetuletea maneno yake. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Masika, papa yako haamini mutu. Nilimwambia, mama yako iko muzima, nilimuona na macho yangu. Akasema, wakati papa yake alikufa, batu balimwambia hivyo hivyo, ni muzima, ana homa kidogo tu, kuya umuone. Donc, ndiyo maana anataka foto. Kama sileti foto, atashika njia na muguu siku ya soko."

Wewe hukukuta mambo hayo, lakini ndivyo tulivyokuwa. Mtu aliye mbali hakuambiwa msiba; alidanganywa kwa huruma mpaka afike nyumbani. Ndiyo maana neno jema halikumtuliza baba hata kidogo. Na barua angeweza kuiandika yeyote, Koko hakujua kuandika. Picha ya studio tulikuwa nayo moja, ya ubatizo wangu, Koko akiwemo, naye baba aliijua vizuri. Ilipaswa iwe picha mpya. Na njia ile ya miguu ilipita msituni, palipokuwa na watu wenye silaha waliokamata wanaume wenye nguvu ili wawabebee mizigo. Wengine waliobebeshwa hatukuwaona tena.

"Miye naenda Kirumba kupakia maharagwe," Papa Kasereka alisema. "Nikirudi nitapiga honi hapa. Ikuwe tayari."

Kwa hiyo uhai wa baba ukaniangukia mimi na mikebe yangu.

Mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa amefunga studio kwa kukosa filamu. Alipohama aliniachia bahasha ya karatasi za picha na chupa za dawa, nadhani ili nimpumzishe na maswali. Lakini kamera hakuniachia. Katika kitabu changu cha fizikia palikuwa na mchoro wa sanduku lenye tundu dogo upande mmoja, na upande wa pili mti uliopinduka kichwa chini. Kabla ya habari hiyo nilikuwa nimekaa na mchoro ule mwezi mzima kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Nikachukua mkebe mdogo wa maziwa ya unga wenye kifuniko kinachobana. Ndani niliupaka masizi ya sufuria niliyoyakoroga na uji wa muhogo. Ubavuni nikatoboa tundu kwa ncha ya sindano, nikaliziba kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Unakunja karatasi ndani ya mkebe ukiwa gizani, unafunga, unatoka juani, unauweka mbele ya mtu, unasogeza mpira. Mwanga unaingia taratibu na kuichora sura yake. Unaziba tena, unarudi gizani kuosha.

Niliharibu mikebe mingi. Tundu likipinda unywele mmoja, nilitupa mkebe mzima. Ilifika mahali mama alificha hata mkebe wa chumvi.

Shida kubwa ilikuwa wakati. Mwanga hafifu namna ile unataka dakika nzima, mbili, hata zaidi jua likifichwa na mawingu, na hapa kwetu unajua mawingu yalivyo. Saa ya mkono hatukuwa nayo. Ya baba ilibaki kwa askari kwenye kizuizi. Nikihesabu mwenyewe nilihesabu kama mtu anayefukuzwa, na picha ikatoka imepauka. Tulimwomba jirani yetu, shemasi wa Kiprotestanti, atupimie kwa Baba Yetu. Aliimaliza vizuri, kisha akaongeza maombi kwa ajili ya nchi, na wakimbizi, na wakubwa wanaoshika bunduki, na karatasi ikaungua kwa mwanga, nyeusi tii.

"Nilisahau foto," alisema. "Mais lakini nchi ilikuwa na haja."

Saa iliyobaki ilikuwa Koko mwenyewe na rozari yake. Salamu Maria zake kumi za fungu moja zilitosha jua likiwa kali. Tatizo, aliyekuwa saa ndiye aliyekuwa anapigwa picha. Na mwendo wake haukuwa sawa. Alianza vizuri, lakini kila alipofika mahali panapotajwa saa ya kufa, alipunguza, akakawia pale kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Nilikasirika mno, mwanangu. Niligombana na mwanamke mzee kwa sababu ya mwendo wa sala zake.

Na alitikisa mdomo. Kichwa alikituliza, mikono aliituliza, macho aliyakaza kwenye mkebe kama anayetazama kuku anayetaka kuingia jikoni. Lakini mdomo ulikwenda.

"Koko, sali na roho tu. Usitikise mudomo."

"Nitasali na nini? Na masikio?"

"Jaribu tu, Koko, tafazali."

Akajaribu. Akafunga mdomo, akasali moyoni, na kabla ya fungu kuisha akasinzia. Picha ikatoka na kitenge kizuri sana na moshi juu ya mabega.

Karatasi zilikuwa zinaisha. Nilimweka tena kitini, nikamnyoosha kola, nikamwambia kwa sauti ambayo bado naionea haya, "Koko, funga mudomo!"

Aliniangalia, wala hakukasirika. "Nitaufunga siku yangu, Masika. Siku ile utanipiga foto muzuri sana. Sitakusumbua."

Akacheka, akaanza ishara ya msalaba, nami nikasogeza mpira.

Ile ndiyo ilikuwa karatasi ya mwisho. Niliiosha gizani. Picha ya mkebe hutoka kinyume, cheusi kinakuwa cheupe na cheupe kinakuwa cheusi. Kuigeuza kunahitaji karatasi nyingine, nami sikuwa nayo. Kwa hiyo Koko alitoka na uso mweupe na nywele nyeusi kama za msichana. Kila punje ya rozari ilionekana. Maua ya kitenge yalionekana. Sikuwahi kupiga kitu kizuri kiasi kile. Lakini mahali pa mdomo palikuwa na ukungu mtupu. Nikaitupa katika kikapu cha makaa, nikaketi juu ya jiwe la kufulia, nikalia.

Honi ikalia njiani.

"Masika! Foto iko wapi? Mvua inakuya!"

"Haiko, Papa Kasereka. Haikutoka muzuri. Unipe siku mbili, nitatafuta karatasi."

"Siku mbili za wapi? Soko ni kesho!"

Ndivyo nilivyomjibu, mwanangu. Baba yangu alikuwa anataka kuingia msituni, na mimi niliona haya kwa sababu ya mdomo.

Koko alitoka jikoni. Alikuwa ameiokota ile picha makaani, anaifuta kwa ncha ya kitenge. Akaikunja ndani ya jani kavu la mgomba, akamnyooshea dereva.

"Koko, hapana! Hauna mudomo! Ataogopa!"

"Aogope sura yangu? Miye nilimuzaa." Akamgeukia dereva. "Peleka. Na umwambie apunguze pilipili, tumbo yake naijua."

Lori lilipoondoka alinikalia karibu, magoti yake yakigusa yangu. Alinuka moshi. "Mutoto wangu," aliniuliza polepole, "foto ile ulikuwa unaipiga kwa ajili ya nani? Kwa ajili yako, ao ya papa yako?"

Siku ya soko nilishinda sijala. Kila mtu aliyetokea upande wa Beni nilimkimbilia, nikiogopa kuwa ni baba na nikiogopa kuwa si yeye.

Hakuja. Wiki zilipita, njia ikafunguka, ndipo alipofika juu ya lori lile lile, amekaa juu ya magunia, anaongea kabla hajashuka. Picha ilikuwa katika mfuko wa shati, imelainika kwa jasho. Alimkumbatia Koko mpaka Koko akamwambia anamvunja mbavu. Kisha akatusimulia.

"Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu. Kasereka akanipa hii. Benzangu balicheka, balisema, ona, mama yako alishakuwa muzimu, uso mweupe, mudomo haiko! Mumoja akasema bananidanganya na foto ya zamani. Miye nikaangalia pale pa mudomo." Aliweka kidole juu ya ule ukungu. "Nikamwambia, foto ya zamani iko na mudomo muzuri. Hata mutu mwenye alishakufa, mudomo wake unatulia. Huyu anasali. Nikafungua viatu, nikalala."

Koko alisema tu, "Umekonda," akaenda kukoroga bugali.

Aliishi miaka mingi baada ya pale, akafa kwa uzee, kitandani mwake. Wakati huo nilikuwa na kamera ya dukani. Nilimpiga picha kabla hatujamfunika. Kila kitu kilitoka safi, kila kunyanzi, na mdomo umefungwa vizuri, bila kosa lolote. Picha hiyo iko chini ya sanduku langu. Hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuniomba aione. Ile ya mkebe, babu yako bado anaibeba mfukoni kila Jumapili.

Huyo ndiye unayemfuta, mwanangu.

Sasa nisikilize. Usiache kupenda kazi safi. Mimi bado nalisugua tundu la mkebe mpaka vidole viume. Lakini kabla hujatupa kitu, jiulize ni nani anayekingoja, na anangoja nini hasa. Shangazi yako aliye mbali ameomba picha ya babu tangu Krismasi, nawe unamtafutia moja ambayo ametulia. Hatatulia. Babu anakuja Jumapili, mpige picha akiwa katikati ya maneno, mkono hewani, jicho moja limefumba, na umtumie shangazi siku hiyo hiyo. Yeye atajua kilichokuwa kinasemwa.

Mungu akupe watu wasiotulia mbele yako. Akujaze nyumba kwa midomo yao, wakiomba, wakigomba, wakicheka hovyo mezani. Na siku ya kila mmoja wao kufunga mdomo, aisogeze mbali, mbali sana na macho yako.