Asante Iliyochelewa Siku Sitini na Tano

Mwaka 2022, katikati ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, nilikaribia kufa nikichuma lengalenga, mchicha wetu. Ilikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti, saa moja na robo asubuhi.

Nyuma ya nyumba yangu, katika sehemu ya mtaa wa Himbi, karibu na ziwa, ambako wenye maofisi hawapiti, mawe meusi ya volkano yanashuka na kufanya shimo pana lenye kina kinachokaribia kimo cha mtu mzima. Mvua hukusanya udongo mwema humo, kwa hiyo mboga hubaki kijani hata wakati wa jua kali. Nusu ya shimo ni yangu. Nusu ya pili ni ya jirani yangu, mjane kama mimi, aliyefika kutoka Masisi mwaka 2013 na kujenga nyumba ya mbao.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mgomba. Nilishuka, nikainama. Ndege mdogo alikuwa amelala chali kati ya mashina. Nilimsogeza kwa kidole cha mguu, nikaendelea kuchuma. Punde pumzi ikaanza kwenda mbio kama ya mtu anayepanda mlima, kichwa kikawa kizito. Nikaona ni vema nikae chini kidogo nipumzike. Sijafanya jambo la kijinga kuliko hilo maishani mwangu, na nililifanya nikiwa na diploma.

“Mama, usikae. Simama.”

Jirani yangu aliita kutoka ukingoni, na mara alikuwa ameshashuka. Alinishika kwenye fundo la kitenge, akanivuta juu ya mawe kama gunia la makaa. Alikuwa amebana pumzi. Nilitambua hilo tulipofika juu, alipoiachia yote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa chini, magoti yakitoka damu, nikiinywa hewa. Akasimama akinitazama, akingoja. Nikaitazama nguo yangu, nikamwambia:

“Mama, umepasua kitenge yangu.”

“Iko sawa,” akajibu, akarudi kwake.

Ni lazima nieleze. Hatukuwa tumezungumza tangu Jumamosi tarehe 2 Novemba 2019, siku nilipomshtaki mbele ya majirani kwamba amesogeza hatua moja ukuta wa mawe unaotenganisha parsele zetu, yaani viwanja vyetu. Mwaka 2020 niliupima mwenyewe kwa kamba nikapata kipimo kilekile kilichoandikwa katika hati yangu. Ukuta haukuwa umesogea. Sikumwambia.

Nilianza kusoma mwaka 2007, nikiwa na miaka arobaini na moja, katika darasa la watu wazima. Mume wangu, fundi wa malori, ndiye aliyeniandikisha, na alinicheka kwa upole nilipokuwa nikisoma kwa sauti maandishi ya kila mkebe wa oli ya injini uliokuwa nyumbani. Alifariki tarehe 14 Machi 2011. Niliendelea bila yeye, na mwaka 2018 nilifanya mtihani wa serikali pamoja na wale waliojisomea wenyewe, nikafaulu na kupata diploma ya sekondari. Daftari langu la kemia ninalo hadi leo. Humo nimeandika, kwa mkono wangu na kwa wino wa bluu, kwamba gesi ya dioksidi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, haina rangi wala harufu.

Basi kwa nini niliingia shimoni? Kwa sababu ya neno. Gesi hiyo, ikitoka katika ardhi yetu ya volkano, sisi huiita mazuku, na tangu utoto tumeambiwa kwamba mazuku ni upepo mbaya. Asubuhi ile upepo haukuwapo, kwa hiyo sikuwa na hofu. Katika daftari gesi ilikuwa na jina moja, mtaani ilikuwa na jina jingine, na mimi sikuwa nimewahi kuyakutanisha majina hayo mawili. Kumbe upepo ndio huifukuza. Hatari huja pale unapokosekana.

Alasiri ya siku hiyohiyo alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni shemasi. Alitaka tufanye ibada ya shukrani kanisani Jumapili tarehe 21, familia yote ikiwa imevaa sare. Nilimwambia kwamba nitakuja kuketi pamoja nao, lakini sitasimama mbele. Hakushangaa. Imani ilikuwa imeniacha polepole miaka mingi kabla, bila ugomvi na mtu, nami sikuwa nimemficha. Kilichobaki mahali pake ni mshangao: kwamba chuma kilichomo katika damu yangu hubeba hewa mpaka kwenye ncha za vidole, kwamba maji yakichemka vijidudu vya kipindupindu hufa, kwamba mtu fulani alikuwa wa kwanza kuyajua hayo na akatuachia. Kila asubuhi, birika likilia, nilikuwa na desturi ya kuwashukuru watu hao. Ni rahisi kuwashukuru. Wako mbali, na hawasimami mbele yako wakingoja.

Shemeji alinywa chai yake mpaka mwisho, kisha akauliza, bila ubaya, “Sasa shemeki, weye utamushukuru nani?”

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Jibu nililijua, lilikuwa linaishi hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Sikutaka tu kulitamka.

Wakati huo majirani nao walikuwa wakifikiri. Mwezi wa Julai mbuzi wawili walikuwa wamekufa katika shimo lile. Sasa watu walianza kuulizana yule mama wa Masisi alijuaje kwamba ninakufa. Hakuna aliyemwita. Alishuka na kutoka mzima. Wakahitimisha kwamba anayeujua upepo kabla haujapiga ndiye anayeutuma. Mwanzoni mwa Septemba waliandika barua kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, wakimwomba amwondoe katika mtaa wetu kwa kosa la uchawi, mama huyo avunje nyumba yake ya mbao na kurudi alikotoka. Alikotoka hapakuwa na nyumba tena. Jambo hilo tulilijua sote. Barua ilikuwa na sababu tatu: mbuzi wa kwanza, mbuzi wa pili, na mimi.

Waliniletea niitie sahihi. Niliisoma, nikawasahihishia tarehe, maana walikuwa wameandika tarehe 10, kisha nikakataa kutia sahihi. Lakini sikusema neno la kumtetea, na kimya changu kilitembea mtaani pamoja na barua yao.

Alhamisi tarehe 22 Septemba niliuzunguka ukuta nikaenda kwake. Nilimkuta akiwamwagia kuku mahindi juu ya meza kuukuu, kimo cha kiuno. Nilimuuliza alijuaje.

“Kuku njo zilinifundisha,” alisema. “Asubuhi kuku anashuka mule, anakufa. Mbuzi anasimama palepale, anakula, haina shida. Lakini mbuzi akilala, naye anakufa. Nikaona haiko uchawi. Uchawi haipimake mutu urefu.”

Kisha akanionyesha upande wake wa shimo. Alikuwa amepanga mawe matatu kwenye mteremko: moja kimo cha goti, moja kimo cha paja, moja kimo cha kiuno. Kwa miaka tisa alikuwa ameangalia ndege na mijusi waliokufa walikuwa wamelala chini ya jiwe lipi, asubuhi gani, kukiwa na upepo au bila upepo. Upepo wa ziwa ukishaanza, alisema, hata kifaranga hushuka na kupanda salama. Nilimsikiliza nikajua kwamba niko mbele ya mtu aliyefanya kwa mawe kile ambacho mimi nilikinakili tu kutoka ubaoni.

Nilimuuliza kwa nini hakuwaonya watu. Aliwaonya wenye mbuzi, wakacheka.

“Na mimi?”

“Weye ulikuwa hauongee na mimi.”

Nilimwahidi kwamba nitakwenda kwa shefu kutoa ushahidi. Asante niliondoka nayo kinywani, kwa mara ya pili.

Shefu, mtu asiyependa maneno mengi, alinisikiliza mimi na gesi yangu, akasema anataka kitu ambacho jicho linaweza kuona. Nikapendekeza mshumaa. Akapanga siku: Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2022, mapema, kabla ya upepo.

Saa moja kasorobo tulikuwa ukingoni mwa shimo: shefu, mwandishi wake, waliotia sahihi barua, jirani yangu katika kanga iliyopigwa pasi, na shemeji yangu, ambaye nilikuwa nimemwomba aje kama shahidi wa familia na ambaye alileta mshumaa bila kuombwa. Tuliufunga kwenye fito ndefu. Jirani yangu alionyesha mahali. Mshumaa ulishuka ukiwaka. Ulipolifikia jiwe la paja, moto ukawa mdogo kama punje ya mtama. Kwenye jiwe la goti ulizimika, na moshi wake haukupanda. Ulitambaa kando, kama juu ya maji yasiyoonekana. Tulirudia mara tatu.

Muzee mmoja, mwenye mbuzi wa pili, alisema kwamba mshumaa nao unaweza kulogwa.

“Muzee,” shemeji alimjibu, “hii mushumaa imetoka kanisani.”

Watu walicheka, na muzee naye akacheka, akiwa wa mwisho. Tuliketi tukangoja. Ilipofika saa tatu na nusu majani ya mgomba yalianza kupiga. Tuliushusha mshumaa tena, mpaka kwenye mashina ya lengalenga, nao ukaendelea kuwaka.

Shefu akanigeukia. Barua, alisema, imenitaja mimi kama mtu aliyedhuriwa. Kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kueleza nimedhuriwa na nani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu uzito wa gesi. Niliikunja. Nilisimama mbele ya jirani yangu, karibu kuliko nilivyosimama tangu mwaka 2019, nikasema kwamba tarehe 9 Agosti mama huyu aliniokoa, kwamba ukuta wetu haukusogezwa kamwe, na kwamba hilo la ukuta nimelijua tangu mwaka 2020. Kisha nikasema lile lililobaki.

“Aksanti, mama.”

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile.

“Aksanti yako imetembea pole-pole.”

“Siku sitini na tano,” nikamjibu, maana nilikuwa nimezihesabu.

Alicheka kwanza kwa mabega, kisha kwa sauti. Akaongeza kwamba kitenge kile nimpelekee, ana sindano.

Mwandishi aliandika hati juu ya goti lake: kwamba shutuma imeondolewa na wote walioitia sahihi, kwamba mama aliyetoka Masisi anabaki katika parsele yake, na mpaka ni ule ule, kwamba shimo litazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hakuna atakayeshuka kabla ya upepo wa ziwa, kwa amri ya shefu na kwa maelekezo ya mama huyo. Jirani yangu aliweka dole gumba. Mimi nilitia sahihi yangu ndefu, yenye herufi zote. Shemeji alitia yake chini ya yangu, akaninong'oneza kwamba Jumapili atamtaja mama huyu kanisani pia, kama mimi sitakasirika. Nilimwambia sitakasirika, na kwamba nitakuja kusikiliza.

Muhuri uligongwa saa nne na dakika kumi.