Sandali za Njia ya Dzaleka

Aliyeniumiza kuliko wote ndiye aliyempokea mtoto wangu. Nilijifungua safarini, ndani ya lori, na yeye, jirani yangu wa Bukavu, akafunga kitovu kwa uzi aliouchomoa kwenye kitenge chake. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tulipewa chumba kimoja. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu.

Bukavu nilikuwa mwalimu wa kuchora. Kambini hakukuwa na rangi wala karatasi, nikaanza kuokota sandali za plastiki zilizotupwa njiani. Karibu kila moja mwenye nayo alikuwa ameirekebisha ilipokatika: kwa waya, kwa uzi wa gunia, kwa kipande cha tairi la baiskeli. Nilizipigilia kwenye mbao za masanduku, kisigino kwa kisigino, mpaka zikaonekana kama msafara wa watu. Majirani walicheka. Yaya hakucheka. Aliniuliza nataka kusema nini, nikamjibu, "Mtu akishona sandali mara ya tatu, bado anaamini kuna mahali atafika."

Yeye alijua Kiingereza, mimi Kifaransa tu. Aliposikia kuna jumba Lilongwe linaloonyesha kazi za wasanii, nilimpa mbao mbili kubwa, akapanda nazo gari la mahindi. Siku ya tatu alirudi mikono mitupu.

"Bamekataa," akasema. "Bamesema ni takataka. Baliweka inje, mvua ikaharibu yote. Uache, mdogo wangu. Ulee mtoto."

Nilimwamini. Jioni ile nilizing'oa sandali kwenye mbao sita zilizobaki, nikazitupa shimoni. Mbao nilizipasua kuni. Yaya ndiye aliyesonga nsima, ugali wa huku, kwenye moto huo, na tukala.

Miezi ikapita. Siku moja mama Mrundi tuliyesali naye, aliyekuwa akiuza nyanya soko la Tsoka huko Lilongwe, akaniambia, "Zile sandali zako niliziona mjini, mu nyumba kubwa. Bantu banaziangalia."

Kesho yake nilikwenda, mtoto mgongoni. Mbao zangu zilining'inia kwenye ukuta mweupe. Chini yake palikuwa na karatasi yenye jina la yaya; kusoma jina hakuhitaji Kiingereza. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya wageni, akieleza. Sikuelewa maneno, ila niliielewa mikono yake: alishona hewani mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akaonyesha mbali. Wageni wakatikisa vichwa kukubali.

Akaniona. Akanisogelea, akitabasamu kwa ajili yao.

"Toka kwanza. Tutaongea nyumbani."

"Uliniona nikipasua zile sita," nikamwambia. "Ukanyamaza."

"Balikuwa banataka mtu mwenye anaweza kujieleza. We ungebaambia nini?"

"Wewe ungebaambia jina yangu."

Mgeni mmoja, asiyejua tulichosema, alimpa mwanangu biskuti. Nikatoka.

Sikuwahi kudai zile mbili. Zilizoniuma ni zile sita, ambazo hakuna aliyeniibia. Nilizivunja kwa mkono wangu, yeye akiwa pembeni na mwiko. Tuliendelea kulala chumba kimoja, pazia katikati, hadi alipopata pa kukaa mjini akahama. Hatukuagana. Binti yangu alimlilia mlangoni siku tatu, akimwita. Nikamwambia yaya amekwenda kututafutia nguo, atarudi.