Koti Jeupe la Bwera

Mkurugenzi wa kliniki yetu pale Bwera, mpakani na Kongo, aliamua kabla muuguzi mgeni hajamaliza muda wake wa majaribio. "Yule Mkongomani hapana," aliniambia. "Wagonjwa hawatamwamini."

Wagonjwa gani? Siku za soko nusu ya foleni hutoka ng'ambo ya mpaka. Muuguzi mwenyewe alikuwa mama Mnande wa Butembo, huko Kongo, akizungumza na wakulima wetu wa Kyondo bila mkalimani, maana lugha yao ni moja, mto tu ndio umepita katikati. Alikuwa akizalisha akina mama tangu mimi nikiwa sekondari. Nami, mshughulikia ajira, nilikuwa nimebandika mlangoni, kwa amri ya mkurugenzi huyohuyo, tangazo kwamba hatubagui mtu. Nikamuuliza tangazo lile lina kazi gani.

"Chuo kikuu kilikuharibu wewe," akajibu. "Lile ni la wafadhili."

Wiki ile alikuwapo mwanafunzi wa Kizungu aliyekuja kutoka Kasese kututengenezea kompyuta. Asubuhi moja mvua ya milimani ilimlowesha, na muuguzi akamwazima koti lake jeupe. Basi! Nusu saa haikupita, foleni ikahama kutoka chumba cha matibabu hadi kwenye meza ya kompyuta.

"Dokta, angalia mutoto yangu, iko na homa."

"Mimi hapana daktari," kijana akasema, amekuwa mwekundu. "Mimi kompyuta."

"Muone adabu yake!" mama mwingine akasema. "Wetu wanaweza kujishusha hivi?"

Muuguzi akacheka, akaja kusimama kando yake. Yeye ndiye aliyepima homa, akauliza maswali, akatoa dawa. Akina mama walimjibu yeye huku wakimtazama kijana, na walipoondoka walimshukuru kijana. Niliwaeleza ukweli mara kadhaa. Mmoja aliniuliza kama nina wivu.

Kijana alirudi Kasese mwisho wa wiki. Siku ya soko iliyofuata, akina mama walijaa getini. "Iko wapi ule mama muuguzi ya dokta muzungu? Tunataka ule."

Mkurugenzi akaingia ofisini kwangu anang'aa. "Mwandikie barua ya ajira. Si nilikwambia wagonjwa ndio wanaoamua?"

Niliiandika kwa hasira, ingawa ndiyo barua niliyokuwa nikiipigania. Nilipomkabidhi muuguzi sikuweza kunyamaza. "Mama, hawakukuajiri kwa ujuzi wako. Wamekuajiri kwa sababu ulisimama karibu na Mzungu. Hilo halikuudhi?"

"Mutoto yangu, wewe unaudhika sana," akasema, akiikunja barua. "Sasa koti ilikuwa ya nani?"

Akalichukua ukutani, akalivaa, akaelekea wodini. Mlangoni, chini ya tangazo langu, mama mmoja akamshika mkono kumuuliza dokta atarudi lini.