Baba Katika Ghala la Viazi

Watu wakisikia nilikuwa karani wa stoo yenye kuta za makaa, hucheka kwanza. Wacheke tu. Mimi mwenyewe nilicheka siku tajiri wangu alipoleta mafundi na malori ya makaa pale Kitale, nikamwuliza kama tunajenga stoo au jiko. Alikuwa mama wa makamo, mpole kupita kiasi, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati kabla yeye hajazaliwa. Sote tulimwita Madam. Aliwasimamia mafundi wakajenga kuta mbilimbili za waya wa kuku, wakajaza makaa katikati mpaka karibu na paa, na juu yake wakalaza bomba lenye matundu madogo. Maji yalitoka kwenye tangi, yakadondoka polepole ndani ya makaa. Upepo ukipita kwenye ule unyevu, hewa iliyoingia ndani ilikuwa baridi kama ya alfajiri. Hakukuwa na umeme wala mashine, na lile lilikuwa jengo la kuingia lori zima na kugeuka.

Mle tuliweka viazi kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Msimu wa mvua zile kuta zilikuwa vivu kabisa, maana hewa iliyoshiba maji hainywi mengine. Lakini Januari, upepo mkavu unapopasua midomo na vumbi kuingia hadi kwenye chai, ndipo zilipofanya kazi yake. Wapakiaji walitafuta visingizio vya kuingia ndani, ati wanapanga magunia vizuri. Niliwatoa na ufagio. Nina mdomo, nakubali, lakini stoo si sebule.

Baba alifia kwangu Kitale mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimefunga barabara. Alikuwa amekuja kutuona Krismasi. Alikula mchana, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka. Kwetu ni Bungoma, upande wa Lugulu, na mzee mwenye boma lake hazikwi ugenini. Tena sanduku lazima lifunguliwe, mke na watoto wamwone usoni, waridhike kwamba ni yeye na ameenda. Mama alikuwa nyumbani akimsubiri. Katika ule msiba wote nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: baba afike kwa mama akiwa bado na sura yake.

Mochari ilikuwa imejaa. Mhudumu mmoja alinihurumia, akamdunga dawa baba, kisha akaniambia ukweli bila kuupaka sukari. "Dada, dawa pekee haitoshi na hili joto. Mtafutie mahali baridi."

Mahali baridi nilipopajua mimi ni pale stoo tu. Nilimpigia Madam simu nikiwa nimejaa aibu, maana nani anaomba kulaza maiti kwenye chakula cha biashara ya mwenzake?

"Huyo ni mzee wetu," akasema. "Mpeleke. Ufunguo si unao?"

Kaka yangu na jirani walinisaidia kubeba. Tuliweka sanduku juu ya mbao, katikati ya magunia, tukaacha kifuniko kimelegea ili baridi impate. Nikafungulia maji, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani nikiahidi kurudi kesho yake.

Sikurudi. Barabara ya kwetu ilizibwa kwa mawe na matairi yanayowaka, tukajifungia ndani siku kadhaa tukila ugali kwa chumvi. Tulikuwa tunasikia nyumba za watu wa asili ya Madam, wale wa kutoka mkoa wa kati, zinachomwa. Simu yake ilikuwa haipatikani, nikajipa moyo kwamba amekimbilia kituo cha polisi kama wengine. Halafu mifereji ya mji ikakauka. Lile tangi lilikuwa likijazwa na mfereji, na makaa yasiyo na maji ni makaa tu. Nilimwona baba akilini mwangu, ndani ya lile jengo, jua limepiga mabati. Sitasema nilimwona vipi. Nilikaa sakafuni jikoni nikajiziba mdomo kwa leso ili watoto wangu wasinisikie.

Askari walipofungua barabara, kaka alipata pikapu ya kuazima. Tulifika stoo mchana wa jua kali. Nilijifunga kitambaa puani, kaka naye akajifunga, nikageuza ufunguo nikiwa nimefumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa kofi.

Baridi ikanigusa usoni.

Nilifumbua macho. Hakukuwa na harufu mbaya, ila ya udongo wa viazi na dawa kwa mbali. Kuta zilikuwa zimelowa, zinang'aa, na maji yalikuwa yanadondoka tii, tii, tii kwenye mabeseni yaliyopangwa chini. Mabeseni ambayo sikuyaweka mimi. Mji mzima haukuwa na tone la maji, na humu ndani kuna mtu anamwagilia kuta. Nikamtazama baba kwenye sanduku lake, na nakuapia, kwa dakika ile akili yangu ilimshuku yeye.

Kisha gunia likasogea, akatokea mtoto mwenye midomo myeusi ti.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena. Kaka yangu, mwanamume mzima mwenye kifua, alikuwa ameshafika getini kabla sijamaliza, na mpaka leo tukigombana namkumbusha. Nyuma ya mtoto akatokea mwingine, na nyuma yao akainuka Madam, amejaa masizi usoni na mikononi.

"Usipige kelele, mama," aliniambia kwa sauti iliyokauka. "Ni sisi."

Nyumba yake ilikuwa imeteketea. Alikuwa amekimbia na watoto wake wawili kupitia mlango wa nyuma, akaja kujificha mahali pekee alipokuwa na ufunguo, akijua wazi nani amelala humo. Walikuwa wakitafuna viazi vibichi. Walizungukwa na makaa ya kupikia harusi kumi na hawakuthubutu kuwasha hata kipande kimoja, kwa sababu moshi ungewaita wauaji. Vijana walikuja mara moja, wakatikisa mlango, mmoja akachungulia kwenye ufa akaona sanduku, akapiga kelele kwamba kuna maiti. Wakatawanyika. Baba yangu, ambaye alipokuwa hai hakuweza kufukuza hata kuku, aliwafukuza akiwa amelala.

"Na maji?" nikamwuliza.

Tangi lilibaki na maji kidogo chini kabisa, akaniambia. Aliyachota kwa sufuria, akapanda juu ya magunia, akayamwaga kwenye makaa. Yaliyodondoka kwenye mabeseni aliyamwaga tena, mchana kutwa, kila mzunguko yakipungua kwa sababu upepo ulikuwa unayanywa.

"Mlikuwa mnakunywa nini nyinyi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Hayo hayo. Yakishapita kwa mzee."

Nilimtazama yule mtoto midomo, nikaelewa ule weusi ni wa nini, nikaketi juu ya gunia nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu baba afe.

Hatukujadiliana. Kaka alisema tu, "Hawa hawabaki hapa." Tulifunga matawi mbele ya pikapu kama gari la msiba, tukawafunga leso vichwani, watoto tukawakalisha wakiegemea sanduku. Karibu na Bungoma tulikuta kizuizi. Kijana mwenye rungu alipanda nyuma, akavuta pumzi, ile dawa ya mochari ikamwingia puani, akashuka haraka.

"Hiyo ni halufu ya maiti kweli," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia Madam. "Na wewe mama, huyu ni nani wako?"

Neno moja kwa lafudhi yake lingetosha kutumaliza sote. Madam alifungua mdomo, akasema, "Baba," na kilio kikamtoka kikubwa mno, akaangukia sanduku. Hakuwa anaigiza. Madam alikuwa amepoteza kila kitu na hakuwa ameshapata mahali pa kulilia. Wale vijana wakavua kofia, wakasukuma mawe pembeni.

Nyumbani Lugulu, mama alifunguliwa sanduku jioni hiyo. Alimtazama baba muda mrefu, akamgusa paji la uso. "Amerara tu," akasema, na sote tukapumua. Nilimweleza yote nilipomvuta kando. Alikwenda kuwatafutia wale watoto maziwa.

Baada ya mazishi ikafika siku ya kunyoa nywele, ambapo wafiwa hunyolewa mmoja baada ya mwingine, mtoto wa kwanza akitangulia. Mimi ndiye kifungua mimba wa baba yangu, kaka ananifuata. Nilikuwa nimeshavua kitambaa, nimeshainuka kwenda kwenye kigoda, mama aliponyoosha mkono akaita, "Wewe, mama watoto, njoo." Hakuwa ananitazama mimi.

Madam alibaki amekaa, hajui aende au asiende. Nami nilisimama pale na kichwa wazi, nimepigwa na butwaa, halafu hasira ikanipanda hata nikasahau tuko msibani.

"Mama, si mimi ndiye nilimpeleka baba kwenye baridi? Si mimi nimemleta nyumbani?"

"Wewe ulimlaza, mwanangu," mama akasema, akimkalisha mgeni kwenye kigoda kwa mikono yake mwenyewe. "Huyu ndiye alimkeshea."