Maji ya baraka kwenye mashine ya vifaranga

Wapendwa, leo nimesema uongo na maji ya baraka mkononi hayajakauka.

Mnaijua mashine ya kutotolesha vifaranga ya jumuiya yetu, iliyoko sebuleni kwangu hapa Kagongwa. Juu yake kuna boksi lenye kichipu, kikompyuta kidogo kuliko ukucha. Kibetri tu kinakitosha, na ndicho kinachowasha na kuzima taa ya joto ili mayai yasiungue.

Zilibaki siku tatu yaanguliwe.

Asubuhi nikasali, nikanyunyizia maji ya baraka. Si hata mbegu tunazibariki? Sasa mimi, kwa imani yangu, nikalowesha boksi zima, na juu lina matundu.

Narudi kutoka shambani, taa inawaka tu, haizimiki.

Mayai yote yameiva!

Fundi wetu, Baba Neema, akafungua boksi mbele ya akina mama.

"Chipu imeingia maji. Mama Kulwa, kuna kitu kilimwagika hapa?"

"Sijui, baba."

Mwenyekiti wetu akamrukia: "Usitafute sababu! Umetufungia takataka. Na ile kazi ya parokia tuliyokuahidi uisahau!"

Baba Neema akakusanya bisibisi zake, akaniambia, "Pole kwa mayai, mama."

Pole, ananipa mimi!

Mwenyekiti, najua unasoma hapa. Maji niliyamwaga mimi. Fundi hana kosa, mrudishieni kazi yake.

Natoka sasa hivi kwenda kwake kumwomba msamaha.

Nani ananisindikiza? Peke yangu miguu haiendi.