Siku Mstari Wetu Ulipoitwa wa Wageni

Mwakeye jamani! Nimesema mwakeye! Mbona mnaitikia kama mmekunywa uji wa jana? Sogeeni karibu, na wewe mwenye muhogo tafuna polepole, niwaeleze jinsi nilivyolala Mtanzania nikaamka Mrundi bila kuvuka hata kijito.

Ilikuwa ule mwaka wa kumi na nne, mvua zimechachamaa, tunachagua mwenyekiti wa kitongoji. Kitongoji chetu mnakijua, ukitokea Nyakitonto unapanda mpaka masikio yanaziba. Udongo wake mvua ikinyesha unateleza hata ukiwa umekaa.

Mwenyekiti wa zamani alikuwa amekalia kiti mpaka kiti kimeota mizizi. Ugomvi wetu na yeye ulikuwa mmoja tu: bonde. Lile bonde la chini tulikuwa tunalima maharage ya kiangazi sote, toka enzi za babu zetu. Yeye akalikata vipande akawapa wenye ng'ombe. Watoto wetu wakawa wanakula ugali na chumvi huku wanasikia ng'ombe wa watu wakicheua maharage yetu. Tukasema safari hii basi.

Tukamsimamisha fundi baiskeli. Mtu mpole huyo, akiziba pancha anaiomba radhi tairi. Baba yake alivuka toka Burundi zamani sana, mimi bado nachunga mbuzi, na familia yao walishapewa uraia, hati wanazo. Fundi akaahidi kitu kimoja: akishinda, bonde linarudi.

Siku ya kura ikafika, karatasi hazikufika. Ati gari limekwama huko. Msimamizi alikuwa mtendaji wetu wa kijiji, kijana wa hapa hapa, nyumba ya mama yake na yangu zinatazamana mlango kwa mlango. Akasema tusipoteze siku, pangeni mistari miwili, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Na kuhesabu kwetu mnakujua: mtendaji anapita na ufito, akikugusa bega unachuchumaa, ili usije ukakimbilia nyuma ukahesabiwa tena. Maana sisi kwa kukimbilia nyuma tuna vipaji.

Jamani, mstari wa fundi! Ulianzia mlango wa ofisi ya kijiji, ukazunguka migomba, ukapita kwa muuza lubisi, na hata walevi waliacha pombe yao wakajipanga, nadhani mkia ulifika Buhigwe. Mstari wa mwenyekiti walikuwa ndugu zake na wenye ng'ombe, ungeweza kuufunika kwa kanga moja.

Mtendaji akagusa mabega mpaka mkono ukamvimba. Kilima kizima tumechuchumaa kama tunatafuta sindano. Akapanda juu ya kiti akatangaza fundi ameshinda. Halafu akanyanyua mkono: "Nimehesabu kwa mkono huu! Atakayetaka kubadilisha, aanze kwa kuukata!"

Tulimbeba mtendaji. Mama yake, bibi mwenye magoti mabovu, alicheza siku hiyo kama hayo magoti kaazima kwa msichana.

Siku ya tatu gari likaja kutoka wilayani. Likazama kwenye tope pale chini ya shule. Sisi watu wema bwana, tukavua viatu tukalisukuma, tunaimba kabisa! Likatoka. Akashuka bosi, msafi hana hata tone, sisi tumekuwa wekundu kama matofali. Akasema, "Asanteni wananchi. Nimekuja kwa sababu kuna malalamiko kwamba mstari wa mshindi ulijaa Warundi."

Mwenyekiti wa zamani nyuma yake, anatazama mawingu.

Bosi akasema tupange upya. Mstari wa fundi, kila mtu aonyeshe cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti ni mgeni, na lori litakuja kuwapeleka wageni kambini kwa wakimbizi.

Cheti! Mimi nilizaliwa shambani, mama akakata kitovu akaendelea na palizi. Hicho cheti angenitolea nani, panya? Nikauliza, "Na mstari ule mwingine, bosi?" Akajibu, "Ule haujalalamikiwa."

Nikamvuta mtendaji pembeni, nyuma ya choo cha ofisi. Nikamwambia, "Mtendaji, wewe ndiye ulihesabu. Neno lako tu. Sema ulichokiona."

"Mzee, sijathibitishwa kazini. Nikifungua mdomo nitapelekwa mahali hata barua hazifiki."

"Na hapa huwa zinafika?"

Hakucheka. Mimi nikisema neno hata wafiwa wanacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mzee, si ningesema? Lakini nikiondoka mimi, ataletwa mwingine, naye atasema hivyo hivyo anavyotaka bosi."

"Basi aseme huyo mwingine. Wewe sema chako."

Akautazama ule mkono wake. Akauingiza mfukoni.

Tukajipanga. Kamvua kanatunyeshea. Mtendaji akaanza na fundi, maana yeye ndiye kichwa cha mstari. Fundi akatoa hati yake ya uraia kwenye nailoni, tena kavu. Bosi akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akakosa pa kuitoboa. Ufito ukamgusa, fundi akachuchumaa.

Na huyo ndiye alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mnaelewa? Mstari mzima, mwenye kuhesabika ni yule mmoja baba yake katoka Burundi. Sisi wengine, ambao babu zetu wamezikwa humu humu, tumesimama wima kama mahindi yaliyosahauliwa shambani. Mtendaji anapita, anatazama vidole vya miguu yake, anasema taratibu, "Hana. Hana. Hana." Akafika kwangu. Nikamwambia, "Nipo hapa baba, jirani yako, nimekufundisha kupanda baiskeli." Akasema, "Hana."

Na mkitaka kujua, bonde mpaka leo halijarudi. Nenda kaangalie, utakuta kwato. Fundi alihama na pampu yake akaenda Kibondo, na mtendaji alithibitishwa. Tulipeleka malalamiko, tukaambiwa tupitishie kwa mtendaji.

Lakini siku ile hakuna aliyesema kitu. Na mimi, mwenye mdomo huu mnaousikia, nilikuwa nauma ulimi. Mtendaji anashuka na mstari, hana, hana, mpaka mkiani kabisa, pale amesimama mama yake, kaegemea fimbo, magoti yanatetemeka. Bibi akamtazama mwanawe, akainamisha bega kumsogezea aliguse, ili na yeye achuchumae apumzike.

Ufito ukabaki hewani. Bosi akauliza kwa nguvu, "Vipi huyo wa mwisho?"

Mtendaji akaushusha ufito. Akasema, "Hana."

Bibi akaitupa fimbo chini, akamshika mwanawe mkono ule ule, akamgeukia bosi:

"Basi leta lori lako, baba, na uanze kumpakia huyu, maana nimemzaa mwenyewe!"