Niliona Hina, Sikuona Behewa

Nimekosa. Sitamsingizia shetani, maana shetani hakushika simu siku ile. Niliishika mimi, na kidole kilichobonyeza ni hiki hiki ninachoandikia. Wivu ulinipanda kichwani nikaharibu kitu ambacho hakuna fundi wa kukirudisha. Wewe unayenisoma, vuta kigoda ukae. Ukinicheka, nicheke tu, mwenyewe huwa najicheka mpaka machozi yanatoka.

Mimi ni mke wa fundi seremala hapa Karatu, na ninauza vitunguu sokoni. Kwetu ni Endamarariek, Mwiraqw mimi, watoto wa mahindi na ngano. Mume wangu, nimwite Baba Neema, ni Mgogo wa upande wa Manyoni, kazaliwa hatua chache kutoka relini. Huku kwetu treni tunaisikia redioni tu, lakini mwenzangu treni imo kwenye damu.

Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mfunga mabehewa. Ndiye aliyekuwa akiingia katikati ya behewa na behewa kuyaunganisha, kazi ya kuacha vidole mchana kweupe. Baadaye akawa anasafiri na mabehewa ya ng'ombe, analala humo humo na mifugo mpaka wafike. Sasa ni mzee, presha ya macho imempofusha na miguu haimbebi. Tulimchukua aishi nasi.

Baba Neema ana ugonjwa mmoja: anatengeneza mabehewa madogo ya mizigo. Usidhani ni vitu vya kuchezea watoto! Anachukua vipande vya mninga vinavyobaki kwenye vitanda vya wateja, anachukua bati la makopo ya mafuta na spoku za baiskeli, anakutolea behewa la urefu wa mkono wako, milango inasogea, magurudumu yanazunguka. Na lazima liwe kama lile lenyewe la zamani, ubao kwa ubao, ribiti kwa ribiti, zile pini za kubana vyuma. Hata kutu anaipaka, anachanganya rangi na huu udongo wetu mwekundu.

Kuna dalali wa vinyago aliwahi kuja, akamwambia achonge twiga wawili wachungulie juu ya behewa, watalii wanaokwenda kreta watanunua. Jamani! Baba Neema alishika patasi, yule mtu akaaga bila kumaliza chai.

Basi siku moja tumekaa nje tunaota jua, mzee akamwambia mwanawe, "Mwanangu, mimi Manyoni sifiki tena. Nitengenezee lile behewa langu la ng'ombe, nilishike kabla sijaondoka."

Baba Neema akamuuliza lilikuwaje. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Akanyoosha mikono hewani, vidole vinatafuta kitu. "Mikono inajua," akasema. "Mdomo haujui."

Hapo ndipo mume wangu alipopotea. Alitengeneza la kwanza, mzee akalipapasa akasema, "Hili banda la kuku." Akatengeneza la pili. "Humu ng'ombe wangekufa kwa joto, mwanangu." La tatu mzee alikaa nalo muda mrefu, mkono ukashuka chini karibu na magurudumu, ukasimama. "Unakaribia. Lakini siyo."

Ndipo akaingia Zuhura.

Zuhura ni binti wa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba mkwe. Anaishi karibu na stesheni ndogo huko njia ya Manyoni, jina nalihifadhi. Pembeni ya stesheni hiyo, kwenye majani, lilibaki behewa moja la ng'ombe la aina ile ile, limeachwa linaoza. Baba Neema akapata namba ya huyo dada, akamwomba awe anakwenda kulipima kwa futi kamba. Dada akakubali.

Sasa ndugu yangu, sikiliza mateso! Kila jioni simu. Baba Neema anatoka nje, anasimama kwenye lundo la maranda ambako mtandao unashika, anacheka. Mwanaume ambaye mezani kwangu huongea maneno matatu, "chumvi", "maji" na "asante", huko nje anacheka kama bwana harusi!

"Zuhura, ribiti za mlangoni ziko ngapi? Eeh? Hebu hesabu tena."

Mimi jikoni nachemka kuliko sufuria. Nimezaa naye, lakini hajawahi kuniuliza hata vifungo vya gauni langu viko vingapi!

Nikampelekea malalamiko jirani yangu, Mama Faustini, tunasali naye jumuiya moja. Kosa jingine hilo. Alinisikiliza huku amefumba jicho moja.

"Wanaongea nini?"

"Wanaongea behewa."

"Behewa!" Akapiga makofi. "Shoga, mwanaume gani anampigia mwanamke kila jioni kwa habari ya mabati? Fungua macho. Ukiliwa wewe usije kulia kwangu."

Nitasema ukweli, maana ungamo la nusu si ungamo. Mama Faustini hakunitia wivu. Wivu nilikuwa nao tayari, yeye alipulizia tu. Kilichoniuma si kwamba nilidhani wanalala pamoja, Manyoni ni mbali. Kilichoniuma ni kwamba jioni moja nilijishusha, nikamfuata karakana, nikamuuliza kwa sauti nzuri, "Leo mmefikia wapi na behewa la baba?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hutaelewa, Mama Neema, hayo ni mambo ya reli."

Sitaelewa! Mke wa ndoa haelewi, Zuhura anaelewa!

Nikarudi jikoni, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ikatokea kazi Endulen, mtu kajenga nyumba anataka milango na madirisha. Kule umeme wa shida na mtandao wa kubahatisha, kwa hiyo Baba Neema akachukua simu yake ndogo ya tochi, ile kubwa ya kupangusa akaiacha kwangu. Aliniamini. Niandike tena? Aliniamini.

Alipoondoka tu, simu ikaanza kulia. Zuhura. Picha, picha nyingine, ujumbe wa sauti, picha, ujumbe wa sauti. Nikaifungua picha moja.

Ilikuwa mkono. Mkono wa mwanamke, hina mpaka kwenye kiwiko, maua yamechorwa yakapendeza, bangili zimepangana. Mkono ule umeshika futi kamba imevutwa juu ya chuma chenye kutu. Namba za kipimo zilionekana wazi kabisa.

Mimi chuma sikukiona. Namba sikuziona. Niliona hina! Nikaikuza picha mpaka nikaona kucha. Nikatazama mkono wangu, umepasuka na maganda ya vitunguu, nikasema moyoni, kumbe ndiyo haya. Mtu anajipamba, anampigia picha mume wangu mkono!

Sikusikiliza sauti hata moja. Sikutaka kuijua sauti yake ikoje. Nikaandika, tena kama vile ni mume wangu anaandika: "Usinitafute tena. Nina mke wangu na ninampenda. Kazoee waume wasio na wenyewe." Nikatuma. Nikafuta kila kitu, picha zote, sauti zote, na zile za nyuma pia. Nikaifungia namba yake isiingie tena.

Halafu nikaenda kukoroga makande huku naimba wimbo wa kanisani. Ndiyo, niliimba!

Baba Neema aliporudi alishangaa. "Zuhura kimya, na hata vipimo vya mwanzo sivioni kwenye simu."

"Simu yenyewe imezeeka," nikamwambia. "Na dada wa watu labda kaolewa."

Akajaribu kupiga kwa simu ndogo, mwenzake akisikia sauti yake anakata. Mume wangu akaanza kujilaumu. Akasema labda amemchosha dada wa watu kwa maswali, labda alikosa adabu. Nilikuwa nasikia yote hayo huku namenya vitunguu, na kwa Mungu sitaficha, nilifurahi.

Mwisho akasema atakwenda mwenyewe. Tulipovuna akapanda basi, Babati, Singida, mpaka huko. Hapo nikaanza kuchungulia barabarani kila basi linapopita.

Alirudi mchana. Hakuingia ndani. Alikaa kizingitini na viatu vyake vya vumbi, simu imo mkononi.

"Behewa halipo," akasema. "Wa vyuma chakavu wamelikata. Nimekuta majani yaliyoungua tu."

Nikasema pole. Yesu wangu, nilikuwa na ujasiri wa kusema pole!

"Zuhura alinipokea mlangoni, hakunikaribisha. Akanionyesha meseji iliyotoka kwenye simu yangu." Hapo akaniangalia. "Siku ile watu wa kukata walikuwa wameshafika na mitungi ya gesi. Akawaomba wamsubiri kidogo. Akaingia chini ya behewa, akalala chali, akawa anapima breki na kile kikanyagio baba alichokuwa anasimamia. Kwenye sauti alikuwa ananiuliza, nipime nini kingine, niambie upesi, wanakata. Akasubiri jibu. Likaja lile lako."

"Na picha zake yeye?" nikauliza.

"Alizifuta. Akae na picha alizompigia mume wa mtu za nini?"

Mzee alikuwa ndani, amelala. Tuliongea kwa kunong'ona.

"Ulisikiliza sauti?"

"Sikusikiliza."

"Ungesikiliza tu," akasema. Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angenipiga, ningekuwa na cha kumlaumu. Tangu hapo aliongea na mimi kama mtu anavyoongea na mpangaji. Kitanda kimoja, lakini katikati mlikuwa na ukuta.

Nilimpigia Zuhura kuomba radhi. Akaniambia, "Dada, mimi nimekusamehe. Ila ujue ile hina ilikuwa ya harusi ya mdogo wangu. Niliacha wageni nikaenda kulala chini ya chuma na nguo yangu ya harusi."

Baba Neema alilimalizia behewa kwa kukisia. Mzee alikuwa anadhoofika, hakukuwa na muda wa kutafuta jingine, na wapi ungelipata? Upande wa juu ulikuwa sahihi, vipimo alivikumbuka kichwani. Chini, kwenye breki na kikanyagio, aliweka anachodhani. Hakumwambia mzee kilichotokea. Alinisitiri, na hilo liliniumiza zaidi.

Siku ya kumkabidhi tulikuwa sote watatu. Mzee alilipakata. Vidole vikapita juu ya mbao, vikasogeza mlango, akatabasamu. Vikashuka chini. Vikafika pale. Nikaviona vinasimama, vinarudi, vinatafuta tena, havipati.

Mzee akainua uso. "Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe, mwanangu. Mungu akubariki mikono."

Baba Neema akatoka nje haraka. Nilijua anakwenda kulia. Nikabaki na mzee. Akanyoosha mkono akanishika.

"Mkwe, umebaki wewe?"

"Nimebaki, baba."

"Siyo," akasema polepole. "Huku chini siyo. Lakini usimwambie, amehangaika sana. Nakwambia wewe kwa sababu najua wewe huwezi kumuumiza."

Nilifungua mdomo niseme baba, ni mimi. Maneno yalifika hapa kwenye meno. Mzee akawa ameshalaza kichwa, behewa kifuani, amechoka. Nikamfunika shuka.

Nilipotoka, Baba Neema alikuwa amesimama kwenye maranda, macho mekundu. Akaniuliza, mara ya kwanza kwa muda mrefu ananiuliza kitu: "Nilipotoka, baba alisema nini? Ni lenyewe kweli?"

"Ni lenyewe," nikasema. "Amesema hata kikanyagio umekiweka palepale."

Kumbe nilikuwa na uongo mwingine tena ndani!

Mzee tulimzika baada ya hapo. Na mimi nawaambia wanawake wenzangu, na wanaume pia msijidai, wivu hauna jinsia: kabla hujafuta, sikiliza. Kabla hujatukana, uliza. Jirani anayekuchochea atalala usingizi kwake, wewe utabaki na majivu. Na neno la kuungama liseme mapema, lingali dogo. Ukilichelewesha linaota mizizi na kuzaa mengine.

Maana sasa Baba Neema amechangamka. Ananiita karakana kila jioni nimshikie ubao, ananieleza ribiti moja moja, hili behewa la mafuta, lile la pamba, anacheka na mimi. Yale yote niliyokuwa nayaonea wivu nimeyapata. Juzi aliniambia amenisamehe, kwa sababu mwisho wa yote baba alilipata behewa lake.

Nikamshukuru. Nikaendelea kushika ubao.